Ndoa Halali, Heshima Nusu

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kuwa shahidi wa ndoa ya rafiki yangu. Yeye ni Mkristo na mwenzake ni Mwislamu. Hakuna aliyekuwa tayari kuacha dini yake, hivyo wakaenda bomani. Tulikaa kwenye benchi moja na watu waliofuata vyeti vya kuzaliwa. Tulipoitwa, yalisomwa majina, zikawekwa saini, ukagongwa muhuri. Tulipotoka, mama mzazi wa bwana harusi aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ndiyo wameshaoana?"

Swali hilo liliwahi kujibiwa mbali na hapa. Nchini Australia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasiotaka au wasioweza kufunga ndoa kanisani waliishia katika ofisi ya msajili. Wengi walikuwa watalaka, watu wa dini tofauti au wasio na dini. Lionel Murphy, Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Gough Whitlam, aliona kwamba hao nao walistahili sherehe yenye hadhi. Tarehe 19 Julai 1973 alimteua Lois D'Arcy kuwa mfungishaji ndoa wa kiraia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Murphy hakutunga sheria mpya. Alitumia kifungu kilichokuwamo tayari katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961, kilichomruhusu kuidhinisha watu wanaofaa. Kazi ya mfungishaji huyo ni kukutana na wachumba mapema, kusikiliza historia yao, kisha kuandaa nao maneno, mahali na nafasi ya wazazi katika sherehe. Sheria hudai machache tu: taarifa ya angalau mwezi mmoja, mashahidi 2 na matamko ya lazima. Yaliyobaki ni ya wahusika. Mwaka 1999 ndoa za kiraia zilizidi zile za kidini, na tangu Desemba 2017 sheria ya huko inawatambua pia wapenzi wa jinsia moja.

Nasi hatukuwa nyuma. Miaka miwili kabla ya uteuzi ule, Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Ilikuwa hatua ya kijasiri kwa taifa changa lenye dini na makabila mengi. Mkristo na Mwislamu wakapata mlango wa kuingilia bila yeyote kusilimu wala kubatizwa. Lakini tuliishia mlangoni. Tuliwapa cheti, hatukuwapa shughuli.

Wapo watakaosema kwamba dola haina kazi ya kupamba harusi. Nakubali kuhusu mapambo. Sikubali kuhusu heshima. Ndoa ni tendo la jamii kabla halijawa tendo la karatasi. Anayefungishwa ndoa kama anayelipia leseni hujifunza kwamba nchi yake inamvumilia tu.

Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, kuwauliza wachumba wangependa kusema nini mbele ya wazee wao hakuhitaji bajeti. Yule mama hakudai pambio wala zulia jekundu. Alitaka tu kujua ni wakati gani mwanawe alioa.