Kikomo cha Chombo: Historia ya Nyenzo za Msuko katika Bunilizi ya Kisayansi kuanzia Verne hadi Le Guin

1.0 Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi hutambulika upesi kwa vyombo vyake: mashine ya wakati, chombo cha anga, roboti, kifaa cha kuwasiliana kati ya nyota na nyota. Wahakiki wamevitazama vyombo hivi kwa namna mbili kuu. Wapo wanaovichukulia kuwa utabiri, ambao huuliza iwapo sayansi ya baadaye imevithibitisha au imevikanusha. Wapo pia wanaovichukulia kuwa mapambo, ambao huvipita haraka ili wafikie dhamira. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alitoa mtazamo wa tatu kwa kueleza kuwa utanzu huu hujengwa juu ya jambo jipya moja, aliloliita novum, ambalo huubadilisha ulimwengu mzima wa hadithi.

Insha hii inaukubali msingi huo wa Suvin, lakini inahoji kuwa upya wa chombo peke yake hauusukumi msuko. Neno nyenzo ni wingi wa wenzo, yaani mti au chuma cha kuinulia kitu kizito. Wenzo, hata uwe mrefu kiasi gani, haunyanyui kitu pasipo egemeo. Katika bunilizi ya kisayansi, egemeo hilo ni kikomo cha chombo: kile ambacho chombo hakiwezi kukifanya, au kinachotokea kinapokosekana. Historia ya utanzu inaonesha pia kuwa kikomo huwekwa na mtunzi hata pale kinapovikwa vazi la sheria ya maumbile. Kwa sababu hiyo, kukichunguza ni kuchunguza msimamo wa kazi yenyewe.

2.0 Kutoka Usingizi hadi Mashine

Kabla ya mashine ya wakati kuzoeleka, watunzi waliwavusha wahusika kutoka zama moja hadi nyingine kwa usingizi. Washington Irving alimlaza Rip Van Winkle kwa miaka 20 katika hadithi iliyotoka mwaka 1819. Edward Bellamy, katika Looking Backward ya mwaka 1888, alimlaza Julian West mwaka 1887 na kumwamsha mwaka 2000. Mark Twain alitumia pigo la kichwani mwaka 1889 ili kumrudisha Mmarekani wa karne ya 19 hadi Uingereza ya karne ya sita.

Usingizi ni nyenzo yenye udhaifu mmoja mkubwa: aliyelala hana hiari. Hachagui zama atakazoamkia wala hana njia ya kurudi. Matokeo yake yanaonekana katika umbo la riwaya ya Bellamy. West anapoamka, hana la kufanya isipokuwa kuuliza, naye mwenyeji wake, Daktari Leete, hujibu. Sehemu kubwa ya kitabu inakuwa mazungumzo kuhusu uchumi na utawala wa jamii mpya. Nyenzo imemfikisha mhusika, kisha imekwisha kazi.

H. G. Wells hakuwa wa kwanza kubuni chombo cha kuvukia wakati. Edward Page Mitchell alichapisha hadithi ya saa inayorudi nyuma mwaka 1881, na Mhispania Enrique Gaspar alitoa riwaya yenye mashine ya namna hiyo mwaka 1887. Wells mwenyewe alilijaribu wazo hilo katika hadithi fupi ya mwaka 1888 kabla ya kuchapisha The Time Machine mwaka 1895. Mchango wake mkubwa katika ujenzi wa msuko ni kwamba alibuni chombo kinachoweza kupotea.

Msafiri wa Wells anafika mwaka 802,701. Muda mfupi baadaye, mashine yake inaburutwa na kufungiwa ndani ya msingi wa sanamu kubwa. Alikuwa amezichomoa nyenzo zake za kuendeshea na kuzitia mfukoni, kwa hiyo hakuna awezaye kuiendesha. Lakini yeye naye amebaki na nyenzo zisizo na mashine. Kuanzia hapo, hatua zake nyingi zinatokana na upungufu huo. Anashuka katika visima vya Morlock, anatafuta silaha katika jumba la makumbusho lililochakaa, na anajifunza hatua kwa hatua kuwa Eloi na Morlock ni vizazi vya matabaka mawili, la wenye mali na la wafanyakazi. Lau mashine ingebaki mikononi mwake, angeweza kuondoka kabla ya kuujua ukweli huo. Ujumbe wa kitabu kuhusu utabaka unategemea, kimuundo, kutokuwapo kwa chombo ambacho kimekipa kitabu jina.

3.0 Mzinga na Tufe: Mgogoro wa Verne na Wells

Hoja hii inasaidia kuusoma upya mgogoro maarufu katika historia ya utanzu. Jules Verne, katika riwaya ya mwaka 1865, aliwarusha watu watatu kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa uliojengwa Florida. Wells, katika The First Men in the Moon ya mwaka 1901, aliwapeleka wahusika wawili kwa tufe lililofunikwa kwa kitu cha kubuni kinachozuia kani ya mvutano. Verne alilalamika katika mahojiano ya mwaka 1903 kuwa yeye alitumia fizikia, ilhali Wells alibuni tu.

Kwa kipimo cha ukweli wa kisayansi, Verne mwenyewe hasalimiki, kwa kuwa mshtuko wa mzinga wa namna ile ungewaua abiria papo hapo. Tofauti yenye uzito iko katika vikomo. Mzinga hurusha, lakini haumpi abiria uwezo wa kutua wala kuondoka tena. Katika mwendelezo wa mwaka 1870, wasafiri wa Verne wanauzunguka mwezi bila kuukanyaga, kisha wanaanguka katika bahari ya Pasifiki. Msuko wao ni wa kutazama, kupima na kubishana. Tufe la Wells linatua. Kwa hiyo jamii ya mwezini inaingia katika hadithi. Na kama katika riwaya ya mwaka 1895, Wells anahakikisha kuwa chombo kinapotea. Wahusika hawalioni tena tufe lao katikati ya mimea ya mwezini, wanakamatwa, na mwishowe Bedford anarejea peke yake huku Cavor akibaki.

Miongo mitatu baadaye, katika dibaji ya mkusanyiko wa riwaya zake, Wells alieleza kanuni yake: mtunzi aombe msomaji akubali jambo moja lisilowezekana, kisha mengine yote yabaki ya kibinadamu na ya kawaida. Kanuni hiyo ni ya kikomo. Panapokuwa na miujiza mingi, hakuna tatizo lisilotatulika, na pasipo tatizo msuko hulegea.

4.0 Kikomo Kinapojifanya Sheria

Mfano mkali zaidi ni hadithi fupi ya Tom Godwin, “The Cold Equations”, iliyochapishwa mwaka 1954 katika jarida la Astounding chini ya mhariri John W. Campbell. Chombo kidogo kinapeleka dawa kwa wagonjwa katika sayari ya mbali kikiwa na mafuta yaliyopimwa kwa uzito wa rubani mmoja tu. Msichana aliyezamia ili akamwone kaka yake anagunduliwa ndani. Akibaki, chombo kitaanguka na wagonjwa watakufa; kwa hiyo anatupwa nje.

Hadithi hiyo ilisifiwa kwa kuonesha kuwa maumbile hayana huruma. Hata hivyo, inafahamika kuwa Campbell alimrudishia Godwin hadithi mara kadhaa kwa sababu mtunzi alikuwa akitafuta njia za kumwokoa msichana. Historia hii ya uhariri ni ushahidi muhimu: kifo hicho kilichaguliwa mezani, kisha kikapewa sura ya hesabu. Ndani ya hadithi pia, wahakiki wa baadaye wameuliza kwa nini chombo kisikaguliwe kabla ya kuondoka, kwa nini mlango usifungwe, na kwa nini mafuta yasiwe na akiba. Maswali hayo hayahusu fizikia bali usimamizi. Hadithi inayoanza na uzembe wa mamlaka inamalizikia kwa kuwalaumu namba na msichana. Kikomo kimetumika kuuficha uamuzi wa binadamu.

5.0 Uwezo Uliozidi na Umiliki

Mwaka 1966 unatoa mifano miwili inayokinzana. Katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, mtambo wa kuwahamisha watu papo hapo ulibuniwa kwa sababu ya bajeti: kuonesha meli kubwa ikitua kila wiki kungegharimu fedha nyingi. Nyenzo hiyo ilikuwa na nguvu kupita kiasi, kwani mhusika aliyemo hatarini angeweza kuondolewa mara moja. Waandishi walilazimika kuuharibu mara kwa mara. Katika kipindi kimojawapo cha mwaka huohuo, mtambo unapata hitilafu na mabaharia wanakaribia kuganda kwa baridi katika sayari waliyoachwa.

Mwaka huohuo Ursula K. Le Guin alibuni ansibo, kifaa kinachofikisha ujumbe papo hapo kati ya nyota, katika Rocannon's World. Yeye alikiwekea kikomo tangu mwanzo: maneno huenda mara moja, lakini miili husafiri polepole. Ndiyo maana Genly Ai, mjumbe katika riwaya ya mwaka 1969, anaweza kuzungumza na walimwengu wa mbali huku akiwa peke yake mbele ya watu wasiomwamini. Katika The Dispossessed ya mwaka 1974, Le Guin anakwenda mbali zaidi. Nadharia ya Shevek ndiyo itakayowezesha ansibo kuundwa, na msuko unageukia swali la nani ataimiliki. Dola inaitaka iwe yake. Shevek anaamua itangazwe kwa wote. Hapa kikomo hakijifichi tena katika maumbile, bali kinatajwa waziwazi kuwa cha kisiasa.

6.0 Hitimisho

Mkondo huu wa historia una maana kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo aliyehukumiwa kifo anapakiwa katika chombo cha anga, na chombo hicho kinamfikisha katika jamii ya haki ambayo jina lake ni mkato wa “wale ni sisi”. Mhakiki anayeuliza kama chombo hicho kingeweza kuruka, au anayekiona kuwa kisingizio cha kufikia dhamira, anaipita hoja ya mtunzi. Chombo kimekusudiwa kuwa njia ya kuulia. Dola imekiwekea kikomo kwamba anayepanda harudi. Msuko unaanza pale kikomo hicho kinaposhindwa, na kushindwa kwake ni kushindwa kwa dola iliyokiweka.

Kwa hiyo, swali la kwanza mbele ya nyenzo yoyote ya bunilizi ya kisayansi linapaswa kuwa: haiwezi kufanya nini, na ni nani aliyeamua hivyo? Katika kazi zilizojadiliwa, kuanzia mzinga wa Verne hadi nadharia ya Shevek, jibu la swali hilo limefichua muundo wa hadithi na msimamo wake kwa pamoja.