Maji ya Yosemite katika Vioo vya Watkins

Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia katika bonde la Yosemite, California, na baghala waliobeba hema la giza, chupa za dawa na vioo vya inchi 18 kwa 22. Kila kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kamerani kingali kibichi, kikasafishwa kabla ya kukauka. Dawa ile ilikuwa nzito kupokea nuru, hata ikambidi aiache lenzi wazi kwa muda. Na maji hayangoji. Mwamba ulitoka na kila ufa wake, maporomoko yakatoka kama shuka nyeupe iliyoanikwa. Leo wapiga picha hufunika lenzi kwa kioo cheusi, makusudi, ili waupate weupe huo.

Wako wasemao kuwa maji hayo ni uwongo. Mimi sioni hivyo: kioo kilikusanya maji yote yaliyopita mbele yake. Uwongo, kama upo, umo katika utupu wa bonde. Wenyeji wake, Waahwahneechee, walifukuzwa kwa silaha mwaka 1851, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi. Picha zilionyeshwa New York mwaka 1862. Mwaka 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde kwa starehe ya umma. Katika picha hizo, takriban zote, hamna mtu.