Chokaa iliyojenga pwani inasahauliwa ukutani

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka na kuua watu wawili. Mjadala uliofuata ulihusu fedha za ukarabati na nani abebe lawama. Wachache waliuliza habari za kifusi chenyewe. Jumba hilo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma kutoka ng'ambo, lakini kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na nyumba za majirani zake. Chokaa hiyo imeshikilia miji ya pwani kwa karibu miaka elfu moja, na leo kumpata fundi anayejua kuipiga lipu ni kazi.

Historia yake ndefu inajulikana. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Karne ya 14 Kilwa ikajenga jumba la Husuni Kubwa. Gedi, Pate na Lamu nazo zikajenga kwa mawe hayohayo ya matumbawe. Mbunifu majengo Peter Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii, alitenganisha mawe ya aina mbili. Matumbawe laini yalikatwa baharini na kuchongwa mihrabu na fremu za milango yangali mabichi. Ukuta wenyewe ulijengwa kwa mawe magumu ya nchi kavu, yasiyo na umbo, na lipu ndiyo iliyoyapa sura.

Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe. Yalivunjwavunjwa, yakapangwa juu ya magogo, na tanuu likawashwa. Moto uliifukuza hewa ya kaboni iliyomo katika jiwe. Kilichobaki kilizimwa kwa maji na kuachwa kikomae kwa miezi. Lipu ikishapigwa, huivuta tena hewa ileile polepole na kugeuka jiwe upya. Hakuna haraka katika kazi hiyo.

Ustadi huu ulifika kileleni Lamu na Pate katika karne ya 18. Boriti za mikoko hazikuwa ndefu, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba. Mafundi wakaujaza ukuta wa chumba cha mwisho kabisa, kiitwacho ndani, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zenye nakshi zilizochongwa katika lipu nene. Wengi walizieleza kama mapambo na mahali pa kuweka vyombo vya Kichina, dalili ya ukwasi wa mwenye nyumba. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Linda Donley akadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Chumba hicho, alisema, ndicho mwanamke alimojifungulia na ndicho maiti alimooshewa. Nakshi na vyombo vile vilikuwa kinga: mahali penye uchafu wa kuzaliwa na wa kufa palihitaji kulindwa, na bakuli likipasuka lilikuwa limepokea shari iliyomlenga mtu. Wapo waliomjibu kwamba haifai kuchukua desturi za nyumba za karne mbili zilizopita na kuzivika magofu ya Kilwa. Hoja hiyo ina uzito kwa Kilwa. Kwa Lamu, mimi niko upande wa Donley. Ukuta uliochongwa kwa subira namna ile, tena katika chumba ambacho mgeni wa kawaida hakukiona, hauwezi kuwa wa kujionyesha tu.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuizalisha mwaka 1954 na cha Wazo Hill mwaka 1966. Mfuko mmoja, maji, na kesho ukuta umekauka. Nani angengoja tanuu? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilipata wapangaji wapya wasio na uwezo wa kuzitunza, na kila ufa ukazibwa kwa saruji.

Hapo ndipo madhara yalipo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia. Chumvi hula mawe kwa ndani, ncha za boriti huoza zikiwa zimezikwa ukutani, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka sakafu inapoinama. Rangi za plastiki huongeza balaa hilo.

Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 2000. Hata hivyo, siku hizi fedha za nyumba huishia kwenye dari la jipsamu huku ukuta unaolibeba ukimomonyoka. Beit al-Ajaib ikiinuliwa tena, vijana waashi wa Unguja na Pemba wapewe kazi ya lipu yake chini ya mafundi wazee waliobaki, na walipwe kwa miezi yote ambayo chokaa inataka.