Ulingo wa Ngazi: Jina la Kiti cha Mwindaji Mtini

Kila mwaka, kuanzia Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, jimbo la Wisconsin, Marekani, huwa na siku 9 za kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki. Novemba ya kule ina baridi kali, mara nyingi na theluji, na wawindaji huingia msituni gizani ili kupambazuke wakiwa wamekwisha kutulia mahali pao. Wengi hutulia juu ya mti, kwenye kifaa ambacho Kiingereza cha Marekani hukiita ladder stand. Ni ngazi ya chuma inayoegemea shina, na kileleni pake pana kiti na kijukwaa cha kukanyagia, vyote vikiwa vimefungwa kwenye mti kwa mikanda.

Kifaa hiki kinahitaji jina la Kiswahili, na haja hiyo si ya wapenzi wa kamusi peke yao. Kiswahili leo ni lugha ya nyumbani huko Kentucky, Iowa na Texas, kwa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania. Kijana wa familia hizo akitaka kuwinda Wisconsin atakuta sheria inayomhusu kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973: kwa kawaida hauziwi leseni mpaka awe na cheti cha mafunzo ya usalama. Mafunzo hayo husisitiza sana ajali ya kuanguka kutoka mtini, kwa kuwa ni miongoni mwa ajali zinazowaumiza wawindaji wengi zaidi nchini Marekani. Mama yake au mjomba wake akimuuliza anakwenda kukaa juu ya kitu gani, na kitu hicho kinamshikaje asianguke, inafaa awe na maneno ya kuwajibu wakaelewa.

Njia ya mkato ni kufuata Kiingereza neno kwa neno na kusema kisimamio cha ngazi. Siikubali. Katika lugha ya uwindaji ya Kiingereza, kusimama kuna maana ya kushika nafasi na kungoja mnyama apite. Maana hiyo ni ya kale. Katika msitu wa Epping, kando ya London, lingalipo jengo la ghorofa lililojengwa mwaka 1543 kwa ajili ya mfalme Henry VIII, nalo liliitwa Great Standing. Wageni wa mfalme walikaa juu humo wakitazama msako, na waliotaka waliwapiga mishale kulungu waliopita chini. Msomaji wa Kiswahili hana habari ya historia hiyo. Akisikia kisimamio ataona mtu aliyesimama wima, ilhali mwenye kifaa hiki huketi tangu alfajiri, pengine hadi magharibi. Wajerumani walilitazama jambo lenyewe, wakakiita Hochsitz, yaani kiti cha juu. Kiswahili nacho kinaweza kulitazama jambo lenyewe, kwa sababu kina neno lake tayari.

Neno hilo ni ulingo. Kwa mkulima wa mpunga au mtama, ulingo ni jukwaa la miti na fito lililoinuliwa shambani, ambalo mlinzi hupanda ili aone mbali. Mchana huko juu huamiwa ndege, kombeo mkononi, hasa kwelea kwelea, ambao kundi lao likitua bila mtu kulifukuza mavuno huwa yamekwisha. Usiku hungojwa nguruwe. Jirani wa neno hilo ni dungu, nalo ni jukwaa la mlinzi wa shamba, ila lenye paa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ina yote mawili, na lolote kati yao lingeweza kuchaguliwa. Mimi nachagua ulingo kwa kifaa kilicho wazi, na dungu naliweka akiba kwa kibanda cha mbao chenye paa na madirisha, ambacho wawindaji wa Marekani hukijenga juu ya nguzo. Hivyo maneno mawili ambayo shambani hukaribiana yanapata kazi mbili msituni, bila neno lolote jipya kubuniwa.

Zipo hoja za kulipinga neno ulingo, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba siku hizi masikio mengi yakisikia ulingo hudhani ni ndondi au siasa, mahali pa watu kupambana mbele ya umati. Hilo ni kweli, lakini maana hiyo haijaiua ile ya shambani, na maneno yanayofuata huondoa shaka: asemaye ulingo wa ngazi hatadhaniwa kuzungumzia masumbwi. Panapohitajika ukamilifu, kama katika kichwa cha somo au maelezo ya bidhaa, liandikwe ulingo wa kuotea wa ngazi. Kuotea ni kumngoja mnyama kwa siri mpaka afike penye shabaha, na kitenzi hicho kinaeleza uwindaji wa namna hii vizuri kuliko neno kuwinda lenyewe, ambalo linabeba pia kufuata nyayo na kusaka kwa mbwa.

Hoja ya pili inanipendeza zaidi. Mlinzi wa shamba hupiga kelele, anataka ndege wamsikie na nguruwe wamwogope. Mwindaji anataka mnyama asijue kabisa kwamba yupo. Je, jina moja liwafae watu wawili wenye nia zinazopingana? Jibu langu ni kwamba jina ni la kifaa, na kifaa kwa wote wawili kimeinuliwa kwa sababu ileile ya kuona mbali na kukaa muda mrefu. Tena wenzetu wa India wamekwisha kupita njia hii. Machani ya Kihindi ni jukwaa la mkulima la kulindia mazao, na ndilo neno lililokuja kuwa jina la jukwaa la mtini la wawindaji wa chui na chui-milia. Jim Corbett, aliyesifika India kwa kuwaua chui na chui-milia waliokula watu, alikesha mara nyingi kwenye machani. Alipohamia Kenya aliishi Nyeri, na usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa mlinzi kwenye hoteli ya Treetops, iliyofunguliwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo katika Aberdare, wakati binti mfalme Elizabeth alipolala huko. Usiku huo mfalme George VI alifariki na binti huyo akawa malkia. Jukwaa la mtini, basi, limewahi kusimama katika nchi ya Kiswahili, tena maarufu duniani, ila lilikuwa la kutazamia wanyama, na tangu mwaka 1977 Kenya imepiga marufuku uwindaji wa burudani. Haishangazi kwamba hatukurithi jina lake kutoka kwa wawindaji. Tulirithi la wakulima.

Sasa sifa ya kifaa hicho, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Matangazo ya biashara husifu ulingo kwa kuwa mzuri wa kukalia, na mfasiri mvivu ataandika ulingo wa starehe. Neno starehe limeelemea upande wa anasa. Ukimwambia baba mwenye bajeti finyu kwamba ulingo wa starehe unazidi bei ule wa kawaida, atachukua wa kawaida, na kwa jinsi ulivyomwambia hana kosa. Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayolisema jambo hili barabara: kiti kinakalika au hakikaliki. Kukalika ni uwezo wa kiti kukubali mtu akae kwa muda ambao kazi inautaka. Ulingo unaokalika ni ule unaomwezesha mwindaji kutulia saa nyingi bila kujipinda na bila kufa ganzi.

Hilo ni sharti la kazi. Kulungu wa mkia mweupe hugundua mtikisiko mdogo sana, na mtu anayeumwa na mgongo hutikisika. Aliyechoka hupiga kwa pupa, na risasi ya pupa huishia kwenye tumbo au mguu, mnyama akaenda kufia kichakani kwa mateso. Halafu kuna kushuka. Miguu iliyokufa ganzi kwa ubao ulioyabana mapaja ndiyo itakayotafuta kidato cha kwanza cha ngazi gizani. Anayeandika kuhusu ulingo akaweka kukalika chini kabisa ya orodha, baada ya rangi na bei, hajamsaidia msomaji wake.

Ulingo unakalika kwa nini? Kwanza kimo cha kiti. Kiti kikiwa chini mno magoti hupanda juu ya nyonga na mgongo hupinda, kikiwa juu mno nyayo huning'inia na uzito wote hubaki chini ya mapaja. Mwenye miguu mirefu ajaribu dukani, akae kweli, tena kwa dakika nyingi, akiwa amevaa mavazi mazito ya baridi, maana koti nene hubadilisha kina cha kiti. Kitu cha pili ni kikalio chenyewe. Sponji ni laini mwanzoni, ila hunyonya mvua na huganda asubuhi ya baridi, na ikiachwa msituni panya huitafuna. Wavu uliokazwa kwenye fremu hupitisha maji na hufuata umbo la mtu, na kwa kukaa siku nzima ndio ninaoupendelea, mradi chuma cha mbele kisipande juu kuliko wavu ukilegea. Chuma hicho ndicho hukata damu ya mapaja. Kijukwaa nacho kiwe na kina cha kutosha mtu kunyoosha miguu na kusimama bila visigino kuning'inia hewani, na kama kuna kikanyagio cha chini zaidi cha kupumzishia miguu, ni faida kubwa.

Ukimya pia ni sehemu ya kukalika. Chuma kikikwaruza chuma kila unapovuta pumzi, utakaa umejikaza kama fito, na kujikaza kunachosha kuliko ubao mgumu. Ulingo ukipandwa kwa mara ya kwanza usikilizwe, viungio vinavyolia vikazwe au vivishwe kitambaa.

Kuhusu urefu, ngazi nyingi hutengenezwa za futi 15 hadi 18, yaani kati ya mita 4.5 na 5.5 hivi. Kuongeza futi mbili hakumfichi sana aliyetulia, lakini humwogopesha anayeogopa kimo, na mwenye hofu hakalishwi na mto wowote. Uzito unaobebwa huandikwa kwenye kifaa, kwa kawaida pauni 300, ambazo ni kilo 136, kwa ulingo wa mtu mmoja. Hesabu hiyo ihusishe nguo, mkoba na silaha.

Usalama una maneno yake, nayo yatajwe papo hapo na kukalika, kwa kuwa mtu asiyeamini kwamba ameshikwa na kitu hawezi kutulia. Mti uwe hai, ulionyooka, na usimamishaji wa ulingo ufanywe na watu watatu, kama maelekezo ya watengenezaji wengi yanavyotaka. Chuma kinachounganisha katikati ya ngazi na shina nakiita mkono wa ngazi. Bila huo ngazi hunepa. Mikanda inayozungushwa mtini ni mikanda ya kukazia, na isiachwe mwaka hadi mwaka, kwa sababu jua huidhoofisha na mti unaokua huivuta mpaka ikatike. Vazi linalopita mabegani, kifuani na mapajani ni mkanda wa mwili mzima. Nao hufungwa kwenye kamba ya uhai, inayotoka chini hadi juu ya kichwa cha aliyeketi, kwa fundo la Prusik, lenye jina la mpanda milima wa Austria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931. Ukilisukuma kwa mkono linateleza, likivutwa ghafla linabana. Mwindaji hulipandisha pamoja naye tangu miguu ikiwa ardhini, kwani wengi huanguka wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanahama kutoka ngazi kwenda kwenye kiti. Bunduki haipandi naye. Huvutwa baadaye kwa kamba, ikiwa tupu. Na akianguka akabaki ananing'inia, mikanda ya mapajani huzuia damu, kwa hiyo awe na kitanzi cha kukanyagia ili aondoe uzito mapajani mpaka apande tena au apate msaada.

Limebaki neno moja ambalo bado nalipima. Mbele ya kiti kuna chuma kilichovikwa sponji, cha kuwekea bunduki wakati wa kulenga. Wako watakaokiita kingo, nami nasita, kwa kuwa kingo humwahidi mtu kwamba itamzuia asianguke, na chuma hiki hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Egemeo ni bora, kwa maana linasema kinachoegemezwa ni silaha. Kwa mwenye upinde egemeo ni kero, maana huzuia ncha ya chini ya upinde anapousogeza. Anayewinda kwa silaha zote mbili atafute ulingo ambao egemeo lake hulazwa nyuma, na kiti chake hukunjwa kuelekea shina ili asimame akiwa ameugusa mti kwa mgongo.