Mstari Kiunoni mwa Mlima: Historia Fupi ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya

Waembu wa zamani walijenga nyumba mlango ukiuelekea mlima, ili mtu akitoka nje alfajiri, cha kwanza akionacho kiwe Kirinyaga, makao ya Ngai. Wameru wanauita Kirimaara. Sisi wa Majengo, ya Embu na ya Meru, tuliukuta na majina yake tayari. Mitaa hii ilikua kando ya vituo vya serikali ya kikoloni, ikakaliwa na watu wa pwani, askari, wafanyabiashara na wapagazi. Wengi wa hao walifika huku na mzigo kichwani.

Naanza na mzigo kwa sababu historia ya mlima huu husimuliwa kutoka kileleni. Kila kitabu kinakwambia kwamba tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alifika Batian, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli. Lakini msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili walioonyesha njia. Walipita kwenye nchi iliyokuwa imepigwa na njaa na maradhi, chakula kikakosekana, na watu wawili wa msafara wakauawa. Vilele vikuu vilipewa majina ya viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Wabebaji wale wamebaki idadi tu.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya ile ya Nairobi na mmoja baada ya Tsavo. Mpaka wake ulifuata kimo: kuanzia takriban mita 3,200 kwenda juu, pamoja na ndimi mbili zinazoteremka, ya Naro Moru na ya Sirimon. Jumla ni kilomita za mraba 715. Msitu ulio chini ya mstari huo ukabaki mikononi mwa Idara ya Misitu, ambayo kazi yake ilikuwa pia kuvuna mbao. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliouathiri mlima huu kuliko mstari huo. Ulikata kitu kimoja vipande viwili.

Juu ya mstari ni ulimwengu wa ajabu. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda, na hivyo ndivyo mwaka mzima. Senesio, mmea wenye shina nene linalompita mtu kwa kimo, haudondoshi majani yake makavu. Huyaacha yauzunguke kama blanketi. Lobelia hufumba majani yake jioni ili baridi isiue chipukizi la katikati. Chozi mwenye mkia mrefu huruka kutoka ua moja hadi jingine akila nekta na wadudu, na pimbi huota jua juu ya mawe. Anayepandia Chogoria, upande wetu, huliona Ziwa Michaelson limetulia chini kabisa ya bonde lenye kuta za mwamba, na hapo hata msemaji hodari hunyamaza.

Chini ya mstari kuna mianzi, mierezi, podo na mikafuri. Ndovu, nyati, mbega, chui na bongo ambaye siku hizi ni vigumu mno kumwona. Huko ndiko Mau Mau walikojificha miaka ya 1950, hifadhi ikiwa changa, na ndege za Waingereza zikaudondoshea msitu mabomu. Desemba 1963 watu wawili walipishana, mmoja akipanda na mwingine akishuka: Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huru kwenye kilele cha Lenana, na Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau kutoka Meru, akatoka msituni na wapiganaji wake.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilirithi hifadhi lilipoundwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 UNESCO ikauweka mlima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka miwili tu baadaye, KWS iliruka kwa ndege juu ya msitu na kukuta maafa: maelfu ya mikafuri iliyokatwa kinyume cha sheria, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi katikati ya miti. Kilele kilikuwa kimetunzwa vizuri huku kiuno kikichinjwa. Mwaka 2000 msitu nao ukatangazwa hifadhi chini ya KWS. Nusu karne ilikuwa imepita.

Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuunga kilichokatwa. Ndovu waliokuwa wakishuka kwenda hifadhi ya wanyama ya Lewa walizibiwa njia na mashamba na barabara. Wakafunguliwa ushoroba unaopita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, na mapema mwaka 2011 wakaanza kuutumia. Mwaka 2013 Lewa na msitu wa Ngare Ndare vikaongezwa kwenye eneo la Urithi wa Dunia.

Barafu, kwa masikitiko, inatuaga. Mwanzoni mwa karne ya 20 mito ya barafu ilihesabiwa 18. Gregory umekwisha, na Lewis, ulio mkubwa kuliko yote, umenyauka sana. Lakini maji yanayotufikia hayatoki hasa kwenye barafu. Yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, hasa upande huu wa kusini-mashariki ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi. Rupingazi inayopita Embu, Kathita inayopita Meru, Thiba inayonywesha mpunga wa Mwea, zote huishia Tana, na Tana inazungusha mitambo ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere.

Mzee wa Majengo, kama baba yako au babu yako alipanda mlima huu na mzigo wa mtu mwingine, tafadhali mwite mjukuu mwenye kalamu leo. Mtajie jina lake, njia aliyopitia na mwaka, ayaandike.