Hundi ya tarehe ya mbele: mashine haisomi kalenda

Haya wapenzi wa tarakilishi, leo tuzungumzie karatasi. Ukiandika hundi leo ukaitia tarehe ya mwezi ujao, ni nini hasa kitakachoizuia isilipwe kesho?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: macho ya karani. Sheria ya Uingereza ya 1882, ambayo ya Kenya imeifuata, inasema hundi haiwi batili eti kwa sababu tu ina tarehe ya mbele. Karani aliishika, akaisoma, na kama siku haijafika akairudisha.

Kisha zikaja mashine. Miaka ya 1950 Bank of America ililemewa na hundi, ikawaendea watafiti wa Stanford Research Institute. Wakabuni ERMA, pamoja na tarakimu za wino wa sumaku tunazoziona hadi leo chini ya hundi: namba ya hundi, ya benki, ya akaunti. Tarehe haimo! Sisi waandika programu tunalijua jambo hili vizuri: usichokiweka kwenye data, mashine haikijui.

Je, hundi ikilipwa mapema na akaunti ikakauka, hasara ni ya nani? Marekani, kanuni ya biashara iliyorekebishwa 1990 ilimgeuzia mzigo mwandishi wa hundi. Benki inaweza kulipa kabla ya siku, ila kama mteja ameiarifu mapema na kuitambulisha hundi yenyewe. Taarifa ya mdomo hudumu siku 14, ya maandishi miezi sita. Benki ikiipuuza, hasara ni yake.

Na mpokeaji? Ahadi yake ya kungoja ni makubaliano yenu wawili, benki haimo. Lakini wakusanya madeni wa Marekani walifungwa mikono na sheria ya 1977: ni marufuku kuipeleka hundi benki kabla ya tarehe yake.

Kenya nako, tangu 2011 hundi husafiri baina ya benki kama picha. Kanuni ya Adhabu humshtaki anayeandika hundi akijua akaunti haina pesa za kutosha, lakini kifungu hicho hakiigusi hundi ya tarehe ya mbele. Kwa hiyo ewe mpokeaji, ulichoshika ni ahadi, si pesa. Nawe mwandishi, usiitegemee kalenda. Iarifu benki yako kwa maandishi.