Baiskeli Moja kwa Njia Zote

Historia ya Bukoba na Muleba imezoea kuandikwa kwa habari za watawala, misheni, kahawa na vita. Baiskeli haikupewa ukurasa wake, ingawa ndiyo iliyobeba magunia ya kahawa hadi ghala la chama cha msingi, mgonjwa hadi zahanati, na mwalimu hadi darasani. Siku hizi vijana hunijia hapa Kagoma na picha za baiskeli mpya za njia za changarawe, zinazosifiwa kuwa zinafaa kwenye lami na vumbi pia. Huwajibu kwamba swali la baiskeli moja kwa njia zote si geni kwetu. Tuliliuliza zamani, maana uwezo wa kununua mbili hatukuwa nao.

Msomaji anayeijua nchi yetu ataelewa. Kuna migongo ya vilima vya mawe, mabonde yenye majimaji, rweya zenye nyasi, na vijia vyembamba ndani ya migomba. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Njia iliyo ngumu asubuhi huwa utelezi mchana.

Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, iliamuliwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na utekelezaji wake ukafika kilele mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walipangiwa shule za vijijini, wakifundisha na kujifunza ualimu kwa wakati mmoja, nasi wakufunzi tukiwazungukia. Fikiri kijana wa miaka kumi na saba aliye peke yake mbele ya watoto themanini, hajui aanze vipi somo la mgawanyo. Mkufunzi asipofika mwezi huo, kijana anakosea, na watoto themanini wanakosea pamoja naye. Ndiyo maana kuchagua baiskeli halikuwa jambo la fahari.

Zilizozungumzwa zaidi zilikuwa tatu. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilikuwa na heshima yake, na mtu aliweza kuirithisha mwanawe. Phoenix ya Shanghai, China, ilifuata umbo lile lile na bei yake ilikuwa nafuu. Swala ilikuwa yetu Tanzania, na wengi tuliipanda kwa moyo wa kujitegemea. Zote zilikuwa nzito, na mlima mkali ulipandwa kwa miguu huku ukisukuma. Lakini fremu ndefu ilituliza mtikisiko, na keria ilibeba mkungu wa ndizi, sanduku la vitabu au mtu mzima. Vipuri vyake vingi viliingiliana, hivyo fundi wa chini ya mwembe, mwenye spana mbili, kiraka na solusheni, aliweza kukurudisha barabarani.

Kasoro yake kubwa ilikuwa breki. Zile za vyuma vyembamba zilibana rimu, na rimu ikilowa hazikushika. Mwenzangu mmoja alivunjika mkono akiteremka kilima siku ya mvua, na shule zake zikakaa muhula mzima bila mgeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ikaja shida nyingine, ukosefu wa fedha za kigeni. Tairi na tyubu zikawa za kibali. Nimeona tairi lililoshonwa kwa kamba ya katani likitembea miezi mingi. Afueni ilianza mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Sasa nirudi kwa baiskeli za vijana. Tairi zetu za zamani, zile za inchi 28 kwa moja na nusu, zilikuwa na upana wa milimita 38 hivi. Baiskeli nyingi za changarawe leo huvaa tairi za upana wa karibu 40. Basi dunia imezunguka ikarudi karibu na pale tulipokuwa, ila imeleta gia nyingi, breki za diski na uzito ambao mara nyingi ni nusu ya ule wa zamani. Hata mashindano yake yamefika kwetu Afrika Mashariki. Tangu 2021 yamefanyika katika Maasai Mara, na Sule Kangangi wa Kenya, aliyekuwa nguzo ya mwamko huo, alifariki mwaka 2022 akishindana huko Vermont, Marekani.

Je, kijana mwalimu wa Muleba anunue ipi? Lami imetufikia, na barabara ya kutoka Kagoma hadi Lusahunga, kilomita 154, sasa ina malori na bodaboda. Lakini shule nyingi bado ziko kando ya lami. Mimi humwambia aangalie mambo manne: tairi pana, breki inayoshika wakati wa mvua, mahali pa kufungia keria, na vipuri ambavyo fundi wa sokoni anavyo. Hilo la nne ndilo wanalolisahau. Baiskeli nyepesi inayosubiri kipuri kutoka Dar es Salaam kwa wiki tatu ni nzito kuliko Phoenix yangu, kwa maana wiki hizo tatu watoto wanamngoja mwalimu wao.